Mama Mlango na Koo Zake za Chipu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, nanyi mliosafiri kutoka mbali mkafika kwa wakati, familia imenituma mimi mdogo wake anayemfuata niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kutia chumvi wala kufunika kitu, kwani alipoanza kuugua alituita akatuambia waziwazi, "Msinifanye malaika, jamani, kuna kosa moja kubwa nililifanya, nalo mlisome mbele za watu."

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958, katika hospitali ya wilaya, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, fundi saa, na mama yetu, mkunga mstaafu, aliyeketi hapa mbele, ambaye amekula chumvi nyingi na leo anamzika mwanawe, jambo ambalo hakuna mzazi anayeliomba. Tulikulia katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba, kati ya saa za ukutani ambazo hazikuwahi kukubaliana hata siku moja, na dada ndiye aliyepewa kazi ya kuzitia ufunguo kila Jumapili, kazi aliyoifanya kwa ukali wa jemadari, ole wake mdogo mtu aliyethubutu kumgusia ufunguo wake.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akajiunga na sekondari ya wasichana Januari 1973, na mwaka 1978 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme, darasa lenye wavulana tele na wasichana wawili tu, na yule mwenzake tunamwona hapa, karibu sana dada. Mama alitaka binti yake awe mkunga kama yeye, baba akamtetea akisema, "Mwacheni, huyu mikono yake haitetemeki, atashika chochote," naye akahitimu tarehe 26 Juni 1982.

Tarehe 1 Oktoba 1982 aliajiriwa na shirika la simu, ghorofa ya pili, katika chumba chenye feni moja na meza ndefu iliyojaa nyaya, kazi yake ya kwanza ikiwa ni kuua mwangwi, maana wenye umri wetu mnakumbuka, ulikuwa ukipiga simu ya mbali unasema "haloo," halafu haloo yako inarudi kukusalimia mwenyewe. Ni katika kazi hiyo, mwishoni mwa mwaka 1983, ndipo alipokutana na chipu za kuchakata mawimbi. Kwa sisi tusiosomea alieleza hivi, kwamba sauti ikiingia mashineni hugeuzwa namba, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kwamba chipu za kawaida zilizidisha namba kwa kujikokota, ila hizi mpya ziliumbwa kwa jambo moja, kuzidisha na kujumlisha, kuzidisha na kujumlisha, kwa pigo moja, huku maagizo yakipita njia yao na namba zikipita njia yao ili zisigongane.

Chipu hizo zina koo, naye alizitaja kama watu wanavyowataja ndugu wa mume, kwa mapenzi yenye malalamiko ndani yake. Walitangulia wabahili wa biti kumi na sita, yaani kila namba ina nafasi kumi na sita tu za sifuri na moja, wanaojua namba nzima tu, nukta ya desimali uishike mwenyewe kichwani, wakaja wajomba wa biti ishirini na nne, wapenda muziki, wakaaji wa studio, kisha matajiri wa nukta inayoelea, ambao hubeba namba kubwa na ndogo bila kunung'unika lakini hula umeme kama wageni wa harusi, halafu wadogo wa simu za mkononi, wenye kula kidogo, na wale wenye mikono minane, wanaotekeleza maagizo manane kwa mpigo. Shemeji yetu, mfamasia, alipokuwa bado mchumba, aliuliza kwa heshima zote ni lini atapelekwa kuwasalimia wale wabahili ambao dada alikuwa akiwalalamikia kila jioni, na mpaka leo tunamtania kwa hilo.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1986, leo ni fundi wa lifti, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1987, leo ni mpima ardhi. Desemba 1989 binti huyo alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, tukashukuru, ila masikio yake yakabaki na usikivu mdogo sana, ikawa sauti ya mama yake anaiona mdomoni tu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tarehe 31 Machi 1990 dada aliacha cheo chake kwenye shirika la simu, watu wakasema amepungukiwa, akaenda kwenye karakana ndogo ya vifaa vya usikivu iliyo ndani ya uwanja wa shule ya watoto wasiosikia, chumba kimoja chenye madirisha marefu na mlango mzito wa mbao, na huko akatengeneza sanduku la sauti, la ukubwa wa kitabu kinene, linalovaliwa kifuani na kuunganishwa na spika za masikioni. Ndani yake alimweka mmoja wa wale wabahili wa biti kumi na sita, kazi yake kuchagua sauti za watu, kupunguza kelele ya feni, na kuinua zile sauti nyembamba ambazo mtoto hazipati. Tarehe 14 Septemba 1992 binti, akiwa na miaka mitano, alivalishwa sanduku la kwanza, mama yake akamwita kwa jina, naye akamshika kidevu akamwambia, "Mama, sema tena."

Alisemeshwa tena kwa miaka sita, akajifunza kuzungumza, kugombana na kaka yake, na kuimba vibaya kama sisi wengine wa ukoo huu. Mwaka 1997 kiwanda kilichotengeneza chipu ile kikatangaza kwamba haitatengenezwa tena, na dada, ambaye alijua kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaanza kuihamisha programu yake kwenye ukoo mwingine. Matajiri aliwajaribu, betri ikaisha kabla ya chakula cha mchana, akawarudisha, akachagua tawi jipya la biti kumi na sita, lenye kula kidogo na ghala pana la kujumlishia, akafanya kazi hiyo karibu mwaka mzima.

Sasa tumefika pale alipotaka tufike. Katika chipu ya zamani, jumla ikizidi kiwango, kulikuwa na agizo juu kabisa ya programu la kuiambia ikome darini, basi. Katika chipu mpya ghala lilikuwa pana, jumla hazikufurika humo, dada akaona agizo lile halina kazi tena, akaliacha, asitambue kwamba hatari imehamia hatua inayofuata, pale namba inapotolewa ghalani na kuwekwa kwenye nafasi finyu ya biti kumi na sita, ambapo ikizidi haikomi, inazunguka, kama saa za baba, ikipita kumi na mbili inarudi moja, na kilele cha sauti kinageuka shimo, nao mlio wake ni kama ubao unaopasuka ndani ya sikio. Alikuwa amelijaribu sanduku hilo kwa sauti za watu waliosoma taratibu, watu wenye adabu zao, na darasa la watoto halina adabu hiyo.

Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1998, upepo uliubamiza mlango wa darasa katika shule ileile, alikokuwa akisoma, binti, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amevaa sanduku jipya, akapiga ukelele, akalivua akalitupa chini. Daktari alimpima akasema sikio halikuumia, tukapumua, lakini mtoto alilisukuma sanduku chini ya kitanda na kutamka maneno ambayo dada hakuyasahau, "Sitaki kitu cha mama." Hakutaka jipya, hakutaka hata la zamani, akarudi kusoma midomo, na kufikia Novemba maneno yake yakaanza kupukutika, sauti ya s ikaondoka kwanza, ikafuata sh, na sote tulielewa kwamba asipovaa tena, yale yote aliyoyapata kwa miaka sita yatakwenda, na kwa umri wake huenda yasirudi.

Dada hakumsingizia mtu, si kiwanda, si msaidizi, alisimama mbele ya walimu akasema, "Kosa ni langu, nilijaribu kwa upole kitu kitakachoishi kwenye kelele," na programu aliirekebisha alasiri moja. Shida ilikuwa mtoto. Hakumbembeleza, hakumpa zawadi, alivaa sanduku lile yeye mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha sebuleni, akamwonyesha kwa mikono kwamba abamize mlango kadiri anavyotaka, huku akimtazama mama yake usoni.

Basi ikawa kila jioni ni mlango. Binti aliubamiza kwa hasira, akaubamiza kwa majaribio, akaubamiza kwa kumvizia mama yake akiwa amesinzia, na jirani wa kushoto, Mungu ambariki, akaja kusuluhisha ndoa, akamkuta shemeji anakunywa chai kwa utulivu, pamba masikioni. Hali ilikwenda hivyo hadi Jumapili moja ya Januari 1999, binti alipobamiza, akamtazama, akabamiza tena, kisha akamwendea mama yake, akamvua zile spika taratibu, akazivaa mwenyewe, akaketi kwenye kile kiti, akafumba macho, akasema, "Piga wewe." Dada alituambia kwamba aliufungua mlango mara mbili akaurudisha taratibu, ndipo akathubutu. Aliupiga, mtoto akafumbua macho, akasema, "Kidogo tu," akaomba chakula.

Tangu hapo ikawa sheria ya karakana kwamba hakuna sanduku linalotoka kabla yeye hajalivaa na mtu hajaubamiza ule mlango mzito, bawaba zikabadilishwa mara kadhaa, watoto wakambatiza Mama Mlango, na wazazi wengi mlioketi hapa mnalijua jina hilo kuliko alilopewa na baba. Mwaka 2006 aliihamisha tena programu, safari hii kwa wale wadogo wenye kula kidogo, sanduku likawa kidude cha kukaa nyuma ya sikio, na katika miaka yake ya mwisho kazini aliona zile koo zikimezwa na chipu kubwa zinazofanya kila kitu. Tulipomuuliza kama anasikitika alicheka akasema, "Wameolewa nyumba kubwa, jina lao halipo mlangoni, lakini jikoni ndio wanaopika." Alistaafu tarehe 31 Julai 2018.

Februari 2022 sauti yake ilianza kukwaruza, Aprili madaktari wakagundua saratani ya koo, akatibiwa kwa mionzi na dawa, akapata nafuu, akarudi nyuma tena, na kufikia Agosti 2023 sauti ilikuwa pumzi tu, hata ukiinama mdomoni pake huambulii kitu. Sisi wenye masikio mazima tulisimama pale kitandani kama magogo. Binti yake aliketi karibu, akamwekea kipaza sauti kidogo kwenye shingo ya gauni, akakiunganisha na vidude vyake vya masikioni, vyenye programu ya mama yake ndani, akamsikia, akawa anatutafsiria, "Anasema chai haina sukari," "Anasema mnaongea wote kwa pamoja, semeni mmoja mmoja," na hivyo ndivyo tulivyozungumza na dada miezi yake yote ya mwisho. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mume na watoto wakiwa naye, ameacha mama, mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika, kulaza wageni na kuvumilia mlango wetu miaka ile, uongozi wa shule, wenzake wa karakana na wa shirika la simu, na wote ambao hatuwezi kuwataja. Mwisho tunamshukuru binti yake, aliyetusikilizia. Asubuhi ile ya Alhamisi tuliona midomo ya dada ikisogea kwa muda mrefu kidogo, tukamtazama binti tukisubiri atutafsirie, naye akatikisa kichwa, akaishika mikono ya mama yake, na hatujamuuliza, maana maneno yale yalikuwa yake.

Dada yetu, tumeyasoma yote kama ulivyoagiza. Pumzika kwa amani.