Matundu Matatu, Mfuko Mmoja: Kumuaga Mama Chambua

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kusafisha meza, sakafu na mabaki ya wengine katika mkahawa huu wa kuku na chipsi, Mama Chambua anavua aproni Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kati ya mameneja sita aliofanya nao kazi, watano walimwita "yule mama wa usafi". Wa sita, tuliye naye, amejitahidi kulijua jina lake kamili, maana lazima aliandike kwenye cheti cha shukrani.

Alipoanza, taka zote zilikwenda kwenye pipa moja nyuma ya jengo, na hakuna aliyejisifu. Aliweka meza ya mbao uani, karibu na bomba, akaanza kutenga bila kuagizwa na mtu. Maboksi makavu na chupa viliwangoja wasomba taka, maganda ya viazi yalimngoja mfuga kuku. Mafuta yaliyochoka aliyachuja kwa kitambaa, akampa fundi sabuni wa mtaa wa pili. Mpishi wa chipsi, aliyekuwa akiyamwaga mferejini, aliambiwa mara moja tu: "Mwanangu, ukimwaga tena utauzibua huu mfereji kwa mkono wako, na mimi nitakushikia tochi." Hakumwaga tena.

Miaka minne iliyopita tukatangazwa kuwa mkahawa unaojali mazingira. Kuta zilipakwa kijani. Ikaja mirija ya karatasi, kila mmoja umevishwa plastiki. Juu ya kaunta ikaning'inizwa mimea ya plastiki, ambayo Mama Chambua alipewa kazi ya kuifuta vumbi. Kisha likaja pipa: kabati la kupendeza lenye matundu matatu, kila tundu na picha yake. Mbunifu alisahau kupima ndani, na nafasi ikatosha mfuko mmoja tu. Wateja wakawa wanasimama na trei kama watahiniwa, wanasoma picha, wanachagua tundu sahihi, na vyote vinaangukia mfuko uleule. Tulimwona baba mmoja akimkaripia bintiye kwa kukosea tundu.

Kila alasiri Mama Chambua aliufungua mfuko huo uani na kuchambua upya. Kwa kazi hiyo mkahawa ulipewa tuzo, na aliyepigwa picha ni pipa. Yeye alipata barua ya onyo: anapoteza dakika arobaini kila siku kwa shughuli isiyo miongoni mwa majukumu yake.

Akatii. Kwa siku tisa hakugusa mfuko hata mmoja. Wasomba taka walikataa mzigo uliolowa, mfuga kuku alirudi na magunia matupu, nzi wakapata ajira. Siku ya kumi, wakaguzi wa tuzo walipotoa taarifa kwamba wanakuja, meneja alishuka uani akikwepa madimbwi. "Mama yangu, endelea tu na ule utaratibu wako," alimwomba. Mama Chambua alimjibu huku akikamua tambara: "Katazo lilikuja kwa maandishi, baba. Ruhusa nayo ije hivyohivyo." Ikaja, fupi kuliko onyo.

Wiki iliyopita aliletewa fomu ya makabidhiano. Kazi zake zote zilienea katika mistari miwili: kufuta meza, kupiga deki. Alikataa kusaini. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba kisichoandikwa kingekufa Ijumaa jioni, na Jumamosi mafuta yangerudi mferejini. Aliambiwa bila saini sherehe itaahirishwa. Akasema keki inaweza kukaa kwenye friji. Aliahidiwa kwa mdomo, akaangalia pembeni. Kwa siku tatu fomu ilipanda ofisini na kushuka uani.

Jana meneja aliongeza mstari wa tatu, kwa uso wa mtu anayemeza kidonge bila maji: kuchambua taka na kuchuja mafuta, watu wawili, saa moja kila siku, ndani ya muda wa kazi, ikiwezekana. Mama Chambua aliusoma mara mbili. Akaomba "ikiwezekana" ikatwe. Ikakatwa. Akasaini.

Asante, Mama. Zamu ya kwanza ya watu wawili inaanza Jumamosi saa tisa alasiri. Wewe siku hiyo lala mpaka usingizi wenyewe ukuchoke. Tunakutakia afya, magoti mepesi, na miaka mingi ya kutoinama kwa ajili ya mtu yeyote.