Karavati Nyekundu ya Minisitri

Kijiwe cha Mama Honorine, hapa Bunia, mtaa wa Lumumba, ni ubao mmoja juu ya matofali, karibu na ukuta wa hopitali. Ukitaka kuketi katikati uombe Mungu, maana ubao umepinda na utajikuta umemlalia jirani. Mwaka ule wa vita, ambapo risasi zililia usiku kucha na asubuhi watu wakatoka kuhesabiana, kahawa haikukosa hata siku moja. Sheria ilikuwa moja tu. Vita ile ilikuwa imegawa watu kwa makabila, na majina ya makabila hayo kila mtu aliyajua, kwa hiyo Mama Honorine alitangaza: mwenye atataja kabila hapa, kahawa yake inamwagwa chini. Alishamwaga ya shemeji yake mwenyewe, tena ya moto, na shemeji hakurudi mpaka Pasaka.

Asubuhi hiyo Fulgence, fundi wa kushona, alifika na makasi mfukoni na uso umekunjamana. Tangu binti yake azaliwe mtaa mzima humwita Papa Débora.

— Papa Débora, uko namna ya mutu ya matanga, akasema Katsuva.

Huyu Katsuva ndiye Minisitri, yaani waziri, kwa jina la utani. Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa imeporwa mpaka milango, lakini karavati, ile tai yake nyekundu, aliivaa kila siku.

— Naenda kumutoa mutoto yangu ku hopitali. Leo leo.

— Débora iko mugonjwa? akauliza Alexis, fundi wa redio, ambaye walimwita Antena kwa sababu habari zote zilipitia kwake na zilitoka zimeongezeka.

— Angekuwa mugonjwa ningepumua. Jana alimungojesha shofere ya komanda ya baaskari.

Antena akaweka kikombe chini.

— Alimu… nini?

— Kidole tu, alijikata kidole. Débora akamufunga kitambaa ya kijani, akamuambia ngoja pale ku ukuta. Kisha akaingiza mama moja, hakuna mwenye anamujua, tumbo yake wazi. Shofere akangoja mpaka jua ikageuka.

— Eee Yezu!

Ndiyo kazi aliyokuwa anasoma Débora hapo hopitali. Dokta alikuwa dokta tayari, lakini yeye na wenzake wawili walikuwa wamerudi tena shuleni kujifunza urgence, yaani namna ya kumpokea mtu anayefikishwa mlangoni na pumzi kidogo. Vitambaa vile Fulgence mwenyewe alivikata, kwa masalio ya nguo alizoshona: nyekundu aingie mara moja, njano asubiri kidogo, kijani asubiri sana, nyeusi aombewe. Aliwaeleza wa kijiweni zaidi ya mara moja. Wapi!

— Mimi nilisema tangu mbele, akaanza Minisitri. Hapa Bunia, tangu lini mutu anakuwekea alama ku mukono na iko ya ugonjwa? Ku barrière, kule baaskari banafunga njia, banakuangalia pua; ku hopitali banakufunga kitambaa. Ni ile ile tu. Ile alama inaonyesha mutu iko wa—

Mama Honorine aliinua birika.

— Sijataja, mama! Sijataja kitu!

— Iko ya ndege, akasema Antena. Profesere yenye alibafundisha si alikimbia na ndege wiki ya jana? Aliacha liste ya wenye batamufuata. Nyekundu bataenda Ulaya, njano Kampala, kijani babaki hapa na siye.

— Na nyeusi?

— Nyeusi… bashaenda.

— Mambo ya ndege ni uongo, akasema Minisitri, akainyoosha karavati. Munajua bachimbaji ba Mongbwalu? Bakisikia baaskari banakuja, zahabu banameza. Sasa mufikiri vizuri. Nyekundu njo wenye bamemeza! Ndiyo maana banabapasua mbio mbio vile. Shofere ya komanda alingoja sababu ndani ya tumbo yake muko bugali tu.

Wakacheka mpaka ubao ukalia. Hata Fulgence alicheka, kisha akakasirika kwamba alicheka.

— Na mama wa jana, akauliza Honorine, alimeza nini?

— Labda mukufu.

— Funga kinywa, Minisitri! Fulgence alisimama. Ile nyekundu ilitoka ku nguo ya bakwaya, mimi njo nilikata! Hakuna zahabu! Débora haangalii pua ya mutu, anaangalia damu!

— Basi juu ya nini unamutoa?

Fulgence alikaa tena. Hasira ilimtoka ikabaki hofu, na hofu hiyo aliisema.

— Sababu komanda anawaza sawa na Minisitri, yale maneno ya pua. Njo ile inaniogopesha.

Fulgence akaendelea: alfajiri Débora alimwomba nyekundu nyingine, maana hopitalini ilikuwa imekwisha kabisa. Yeye akamdanganya kwamba hana, akamwambia leo usiende. Débora akavaa viatu. “Papa, profesere alipata ndege,” akasema. “Bagonjwa habakupata.” Akaondoka.

Hapo ndipo kijana mmoja alipofika na bunduki begani, kidole kimefungwa bandeji kubwa, na kitambaa cha kijani bado mkononi. Shofere. Aliketi ubaoni, akapewa kahawa kama mtu yeyote, akanywa kidogo.

— Bazee, akasema kwa adabu, yule dokta mwanamuke wa urgence, ule mufupi. Komanda anauliza iko kabila gani?

Swali dogo. Na pale ubaoni walimjua Débora tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Walijua mpaka kijiji alikozikwa babu yake. Minisitri, mwenye jibu kwa kila jambo, alitazama viatu vyake. Antena hakutangaza.

Mama Honorine alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwa shofere, akamwaga chini.

— Hapa hatutaji. Ata komanda akuje yeye mwenyewe.

Shofere aliinuka. Bunduki ikainuka naye.

— Mama, unanijua mimi ni nani?

— Weye uko kijani, akasema Minisitri, akiishika karavati. Hautakufa. Shukuru Mungu, ukae.

Kijana alimtazama sana. Kisha akanyoosha mkono wenye kitambaa.

— Basi munipatie kahawa ingine.

— Imeisha, akasema Honorine.

Birika lilikuwa linatoa mvuke mbele yao wote.

— Imeisha, kweli, akasema Antena.

— Na weye, muzee? Shofere alimgeukia Fulgence. Hauna ata neno?

— Iko dokta, akasema Fulgence. Njo ile tu najua.

— Nitarudi, akasema shofere, akaenda zake.

Minisitri akaifungua karavati, ile ambayo hata kwenye mazishi hakuifungua, akaiweka magotini pa Fulgence.

— Kata.

— Si ulisema iko ya zahabu?

— Nilisema. Kata!

Fulgence alitoa makasi, akaikata vipande, vya upana wa kuzunguka mkono wa mtu mzima na vingine vya mtoto.

— Sasa unaenda kumutoa? akauliza Antena.

— Naenda kumupelekea kazi.

Mama Honorine akampa birika.

— Bapelekee na hii yenye imeisha. Badokta habajakunywa kitu leo.

Fulgence akalipokea, likamuunguza kidogo, akalishika hivyo hivyo na kuelekea mlango wa hopitali.