Plaiwudi ya Mgongo wa Kabati

Nani kawatuma mkanunue mbao za ukulele dukani nami sijafa bado? Sikilizeni wanangu, sina pumzi ya kusema mara mbili. Na wewe mdogo wangu, vuta kiti, usisimame mlangoni kama mgeni.

Ukulele ni gitaa dogo la nyuzi nne, hauhitaji fahari. Uso wake, tafuteni plaiwudi ya mgongo wa kabati lililotupwa, igongeni kwa kidole, ikiitika chukueni, ikinyamaza iacheni. Shingo, mguu wa kiti kilichovunjika, maana umeshakauka, hautapinda tena. Vile vichuma vya shingoni, kateni spoku za baiskeli. Nyuzi, mshipi wa kuvulia samaki unatosha.

Jana nimewasikia mkimwambia mama yenu mdogo, "Wewe rudi kwenye cherehani yako, ya ufundi tuachie sisi." Ufundi upi? Hayo yote niliyowafundisha aliyabuni yeye, akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilinunua mbao ghali, nikahangaika miezi minne, ukulele wangu ukalia kama ndoo. Wake ulipolia, baba yetu aliacha kula. Kwa wangu hakuweka chini hata kijiko. Mpaka leo mama yenu mdogo akipita karibu na meza huigonga, na meza humwitika, nami hapa kitandani, mfu mtarajiwa, roho inaniuma kwa wivu.

Siku alipoupiga ukumbini, mbele ya watu, kile kipande kinachoshika nyuzi kiling'oka katikati ya wimbo wa kwanza. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko: "Kabati limefunguka!" Akaamini plaiwudi yake ni takataka, akaenda kushona sare za watu miaka arobaini. Mimi nikaokota ufundi wake, nikaitwa fundi.

Basi karakana ni yake, na randa, na patasi zote. Msinune. Mwombeni awafundishe, na Mungu awape masikio kama yake na moyo usiofanana na wangu. Nipeni maji... inatosha.

Mdogo wangu, plaiwudi haikuwa na kosa. Asubuhi ya siku ile ya ukumbini, ulipokwenda kuoga... niliushika ukulele wako juu ya mvuke wa birika... mpaka gundi ikalegea. Nikakibana kile kipande kwa kidole, kikae tu, usijue. Ni mimi.