Bi Tone na Swali la Tatu

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano marefu kati ya stoo na karakana, wafanyakazi wote mnatangaziwa kwamba ile chupa ya jamu iliyokuwa ikikaa kwenye dirisha la karakana haipo tena pale. Msiitafute. Haijaibwa wala haijavunjika, na mlinzi asisumbuliwe. Imeviringishwa kwenye gazeti na kutiwa ndani ya mkoba wa mwenyewe, ambaye naye anaondoka.

Mwenyewe ni fundi wetu mkuu wa pikipiki, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia idara hii ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Tone, naye huitika.

Jina lilitokana na hiyo chupa. Pikipiki ikiletwa inagoma kuwaka, mafundi wengi hukimbilia kufumua kabureta. Bi Tone huchomoa mpira wa mafuta, huuelekeza kwenye chupa, hufungua koki, kisha hukunja mikono na kutazama. Mafuta yakitiririka, anashuka chini kwenye kabureta na plagi. Yakija tone moja moja, haigusi kabureta. Anapanda juu kwenye koki, chujio na tangi. Baada ya hapo huiacha chupa itulie, maana maji yaliyochanganyika na petroli hukaa chini, naye huyaona kabla hujamaliza kujitetea. "Jamani," aliwahi kumwambia msoma mita mmoja, "kazi yako ni kupeleka maji kwa wateja. Nani kakutuma uyapeleke mpaka kwenye tangi?"

Yeye mwenyewe alianza kama msoma mita. Pikipiki aliyopewa ilikuwa ikimzimikia kila mtaa, akachoka kuisukuma, akaanza kuifungua mwenyewe kwa spana za kuazima. Alipoomba kuhamia karakana, msimamizi wa wakati ule alimpa ufagio. Akafagia. Alipomaliza kufagia, akaiwasha pikipiki iliyokuwa imewashinda wanaume watatu tangu Jumatatu. Ufagio ukarudi kwa msimamizi.

Utaratibu wake mliujua. Haanzi kazi kabla aliyeleta pikipiki hajajibu maswali matatu, na majibu yanaandikwa kwenye fomu. La kwanza: ilizima ikiwa ya moto au ya baridi? La pili: ilikata ghafla au ilikohoa kwanza? La tatu: nani aliigusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Mawili ya kwanza kila mtu aliyajibu kwa mbwembwe. La tatu liliwatoa jasho watu wazima wenye familia zao. Dereva mmoja, baada ya kukohoa sana yeye mwenyewe, alikiri kwamba choki ya kubania hewa ilikuwa ikilegea akaifunga kwa uzi wa kushonea. Tulingoja apigwe maneno. "Asante, baba," Bi Tone akamwambia. "Umeniokolea asubuhi nzima." Aliyesema ukweli hakuwahi kugombezwa karakana.

Hatuwezi kumuaga bila kumtaja Bibi. Bibi ni pikipiki kongwe kuliko zote hapa, kiti kimeshonwa mara nne, na ndiyo pekee iliyokuwa ikiweza kupanda ile njia ya mawe hadi kwenye tangi kuu la mlimani. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Bibi aliugua. Asubuhi aliwaka kwa kiki moja, akaenda kama dakika kumi, akakohoa, akazima. Ukimngoja, anawaka tena. Ukimleta karakana, mzima kabisa. Vijembe vikaanza: "Bibi anaogopa hospitali!"

Haikuwa mzaha kwa Bi Tone. Uongozi ulikuwa tayari unafikiria kuifunga karakana na kupeleka pikipiki zikatengenezwe nje, na sasa ulikuwa umepata sababu. Mkuu wa idara wa wakati ule alikuja mwenyewe hadi mlangoni. "Mama, nakupa wiki mbili. Ijumaa ya wiki ya pili Bibi apande mlimani na kurudi bila kuzima. Akishindwa, hapa tunaweka kufuli." Bi Tone alikuwa na miaka ishirini kazini, na mama yake mgonjwa alikuwa akimtegemea.

Akabadilisha plagi. Akasafisha jeti za kabureta, akazitazama kwenye mwanga, akazisafisha tena. Akafungua koki, akaosha chujio. Akaleta chupa ya jamu: mafuta yakatiririka vizuri, safi, bila tone la maji. Kabureta ilifunguliwa mara nne. Siku ya Jumatano ya wiki ya pili, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakumtania mtu yeyote.

Alhamisi akampanda Bibi mwenyewe, akaelekea mlimani. Kwenye kona ya tatu Bibi akazima. Bi Tone hakugusa kitu. Alikaa juu ya jiwe, akajiuliza ni jambo gani analolifanya karakana ambalo hapa hajalifanya. Jibu likamjia: kila akianza kazi, kabla ya lolote, hufungua kifuniko cha tangi aone mafuta. Akasimama, akakifungua. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu! Akakifunga, akapiga kiki moja. Bibi akawaka.

Kwa tusio mafundi: kifuniko kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa. Mafuta yakishuka, hewa huchukua nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi huyang'ang'ania mafuta, kama chupa ya maziwa ya mtoto isiyopitisha hewa, na injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Umakini wake ndio uliokuwa ukimficha ugonjwa: alimponya mgonjwa kwa kumfungua tu, kisha akaanza kumpima.

Alizibua kitundu kwa sindano. Ijumaa Bibi alipanda mlimani na kurudi, mkuu wa idara akiwa amepakiwa nyuma, kaishikilia kofia yake kwa mikono miwili. Karakana ipo hadi leo, na mafundi sita wanaofanya kazi humo, wote kawafundisha yeye. Jarida hili liliripoti wakati ule kwamba kitundu kilizibwa na nyigu aliyejenga kiota.

Bi Tone, kwa pikipiki ulizozirudisha barabarani, kwa watu uliowafundisha kutazama kabla ya kufungua, asante. Uende salama, upumzike, na kila utakachokigusa nyumbani kiwake kwa kiki ya kwanza.

Hapo ndipo ningepaswa kuweka nukta. Lakini mwandishi wa habari ile ya nyigu nilikuwa mimi, mtunza stoo wenu na mhariri wa jarida hili, na nyigu hakuwepo.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja, kabla Bibi hajaanza kuugua, nilimchukua bila ruhusa, nikaenda kwenye harusi ya shemeji yangu. Tangi lilikuwa limejaa pomoni, barabara ina mashimo, na petroli ikawa inaruka kupitia kile kitundu na kunimwagikia kwenye suruali ya suti mpya. Nikasimama dukani, nikanunua kipande cha sabuni ya kufulia, nikamega kidogo, nikakandamiza. Petroli haikuruka tena. Nilijiona mhandisi. Jumatatu nikawa nimesahau.

Nilikumbuka Jumatano ile, nilipomwona akifungua kabureta kwa mara ya nne. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kuulizwa pikipiki ilikuwa na nani Jumamosi. Yeye alikuwa akipoteza kazi, mimi nikihesabu boksi za nati.

Uongozi ulipomuuliza kilichoziba kitundu, alisema, "Uchafu." Jarida lilipotoka, alikuja dirishani kwangu akiwa nalo mkononi. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyo nyigu wako alikuwa amevaa suti?" Akacheka, akaenda zake. Hakulirudia tena neno hilo hadi leo.

Wiki hii, tukipanga mafaili yake, niliikuta fomu ya Bibi. Mistari miwili imejazwa kwa mwandiko wake mzuri. Wa tatu aliuacha wazi, miaka yote kumi na mmoja. Nimechukua kalamu nikaujaza: aliyeigusa mara ya mwisho ni mtunza stoo, aligusa kifuniko cha tangi, kwa sabuni. Fomu nimeikunja nikaitia ndani ya chupa ya jamu, kabla haijaviringishwa kwenye gazeti.