Mlingoti, Aliyeandikwa Katika Madaftari Matatu

Dada yetu, ambaye mtaani na uwanjani aliitwa Mlingoti, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji. Alibatizwa katika parokia ya Kikatoliki akiwa na wiki tatu. Mama alisema miguu yake ilikuwa inatokeza nje ya shuka, na hatukuwahi kumbishia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza 1978. Huko mwalimu wa hesabu alimwona akifuta ubao mpaka juu bila kupanda kiti, akampeleka kwenye mpira wa kikapu. Mwaka 1981 aliitwa timu ya taifa ya wanawake, akaichezea miaka tisa. Timu ile ilikuwa na Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste na Msabato mmoja, na kila mechi walichelewa kutoka chumbani wakigombania nani aombe. Alipopewa unahodha alikata shauri: "Ataomba aliyekosa mitupo huru mingi mechi iliyopita. Huyo ndiye mwenye shida." Ugomvi ukaisha.

Kuanzia 1984 hadi alipostaafu 2021 alikuwa karani wa ofisi ya takwimu, upande wa majedwali ya dini. Makabati ya chuma yalifika darini, na ni yeye tu aliyefikia rafu ya juu. Mwaka mmoja alijumlisha waumini wa wilaya moja kwa madaftari ya makanisa, akapata Wakristo wengi kuliko watu wote wa wilaya, vichanga wakiwemo. Mkuu wake alidhani amekosea. Hakukosea. Watu walikuwa wamehama makanisa, na walikotoka hakuna aliyewafuta.

Tarehe 5 Agosti 1989 aliolewa na mpimaji ardhi, katika usharika wa Kilutheri, akaandikwa huko. Walijaliwa watoto wawili. Shemeji alitangulia mwaka 2012, naye akahamia kwa Wapentekoste wa jirani kwa sababu, alisema, viti vyao vina nafasi ya magoti. Wakamwandika pia.

Oktoba 2021 alianza kuumwa goti, akadhani ni maumivu ya enzi za mpira. Ilikuwa saratani ya mfupa. Mimi mdogo wake nimemuuguza miezi kumi na tisa, na sitaficha, nimechoka. Kitanda cha wodini kilikuwa kifupi, tukaongezea benchi miguuni. Wenzake watano wa timu, wa makanisa manne, walikuja kila Alhamisi kumgeuza na kumwogesha. Wiki ya mwisho nilimuuliza tumzikie kanisa gani. Akanijibu, "Mdogo wangu, usinichoshe. Waninyanyue wale wale wanaoninyanyua hapa."

Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo makanisa matatu yamekuja nyumbani na madaftari, na yote matatu jina lake limo. Tumebishana siku nne mpaka ndugu wengine hawasalimiani. Leo padri na wachungaji wawili wataomba kwa zamu. Jeneza litabebwa na timu.

Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja ambaye tayari anainama mlangoni, mimi mdogo wake, na wenzake hao watano.

Baba Padri, wachungaji wetu, tuna ombi moja. Mkirudi, kila mmoja afungue daftari lake amfute. Hesabu yake sasa anayo Mungu, na kwake haandikwi mtu mara mbili. Pumzika kwa amani, dada. Na sisi tukapumzike.