Kilichomchukua Ansumane

Kahawa nyeusi ya Alseni, pale kwenye kona ya karakana za Matoto, huanza kunukia kabla maduka hayajafunguliwa, na benchi lake hujaa watu ambao kila mmoja ana kazi ya kwenda ila hana haraka nayo. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba madaktari wanapita Konakri nzima kuhesabu watu wanaoshikwa na kifafa kisichoachia. Sekuba, fundi wa majokofu, aliinamia kikombe chake. Nafasi aliyokuwa akiikalia mdogo wake Ansumane, kati yake na Golikipa, hakuna aliyezoea kuikalia.

— Mtu hahesabiwi bure, alisema Waziri, aliyepewa jina hilo kwa kueleza mambo ya serikali kama katoka kikaoni sasa hivi. Uchaguzi unakuja. Ukishaandikwa kifafa, kadi ya kura ndo basi tena.

— Kura gani wewe! Golikipa alimrukia. Ujanani alidaka mipira, siku hizi anadaka maneno. Wanasaka chanzo. Kifafa kinaletwa na moshi wa jenereta. Tangu umeme uanze kukatika, watu si ndo wanaanguka?

— Jenereta mtaa huu unalo wewe peke yako, alisema Alseni akimimina. Mbona hujaanguka?

— Mwenye nalo kinamwogopa.

— Chekeni tu, Waziri akaendelea. Nina shemeji bandarini. Kuna meli inaandaliwa. Wakishawajua wote, wanawapeleka visiwani wakawafungie huko.

— Watapikiwa na nani? aliuliza Golikipa.

— Na serikali.

— Basi niandikeni na mimi. Nimechoka na mchuzi wa majani wa mke wangu!

Sekuba alicheka kidogo, maana asiyecheka angeulizwa. Mtaani ilijulikana kwamba Ansumane alikufa kwa homa msimu wa mvua uliopita. Ndivyo walivyosema nyumbani, kwa sababu dada yao Mabinti alikuwa ameposwa, na wakwe, waliokaa ng'ambo ya barabara, wasingechukua binti wa nyumba yenye kifafa. Waliokuwepo benchini siku ile walijua ukweli, wakanyamaza pamoja naye.

Ndipo akaja mwanamke mwenye mwavuli na mkoba begani, akaagiza kahawa. Alijitambulisha kwa jina la Ramatulaye, akasema ametumwa na hao hao madaktari.

— Waliofika hospitali tumeshawahesabu, alisema. Wasiofika ndio hatuwajui. Hapa kwenu hajawahi kuwepo mtu?

— Hapa? Wapi, dada! Waziri alijibu upesi. Huku ni malaria tu.

Golikipa alitazama viatu vyake. Sekuba aliona kuwa Waziri kamjibia yeye, tena kwa wema, lakini akamgeukia mgeni.

— Alikuwepo, alisema. Mdogo wangu. Ameshafariki.

— Pole sana, kaka. Kilimshika muda gani?

Sekuba aliwatazama wenzake.

— Kidogo tu, alisema Waziri.

— Kidogo? Golikipa alifoka. Mpaka mikono yangu ikafa ganzi kwa kumbana!

— Habanwi, kaka, Ramatulaye alisema taratibu. Wala hawekewi kitu mdomoni. Unamlaza ubavu, unaangalia saa. Dakika tano zikipita hakijaachia, hospitali, hata kwa kubebwa.

— Saa nani aliiangalia siku ile! Huyu kashika kitunguu puani, huyu anasoma dua, Waziri anagombana na taksi.

— Ya kwanza ilikataa, alisema Waziri, na ile sauti ya kikaoni ilikuwa imemtoka. Ya pili nayo. Wakiona povu wanatia gia.

Alseni aliweka birika chini.

— Ngojeni. Alianguka adhana ya alasiri ikianza. Nilikuwa naosha vikombe ili niwahi swala.

— Na watu walipotoka msikitini? aliuliza Sekuba. Imamu si ndiye aliyetupa gari lake?

— Tulipompakia alikuwa bado anatetemeka, Golikipa alisema.

Kahawa ilikuwa ikipoa mikononi mwao.

— Toka adhana mpaka watu watoke, hiyo inafika nusu saa, alisema Ramatulaye. Pengine na zaidi.

— Tungejua mapema, angepona? aliuliza Sekuba.

— Sijui, kaka. Wengi hupona wakiwahiwa. Wengine hawaponi hata hivyo. Siwezi kukudanganya.

Golikipa alijifuta uso kwa kiganja. Waziri akakohoa.

— Basi mhesabu. Na yule binti wa fundi cherehani je? Alseni, si naye ilikuwa hivyo hivyo?

— Naye, Alseni alisema. Tukaambiwa ni homa.

Ramatulaye alitoa kalamu. Sekuba alisogea karibu.

— Na jina?

— Majina hatuandiki. Usiwe na wasiwasi.

Ng'ambo ya barabara mama yake mchumba wa Mabinti alikuwa akifagia mlangoni. Sekuba alimwona, na alijua kuwa pale alipo anasikia kila kitu.

— Basi lishike kichwani tu, dada, alisema bila kupunguza sauti. Aliitwa Ansumane.

— Ansumane, Ramatulaye alirudia.

Ng'ambo, ufagio ulisimama. Kisha, baada ya kitambo, ukaendelea.