Sindano na Gongo

KOCHA: Haloo? Nani mwenzangu? Miwani iko juu ya kabati, sioni jina.

MSUSI: Ni mdogo wako, dada. Mguu umeamkaje?

KOCHA: Mguu uko ndani ya plasta, mimi niko kitandani, tumeamka wote hatusemezani. Mbona kelele hivyo? Uko saluni?

MSUSI: Saluni nimefunga. Niko uwanjani na wasichana wako wa softboli. Si uliniomba?

KOCHA: Nilikuomba uwafungulie stoo na uwaangalie wasiumizane! Sikukuomba uwafundi— haloo?

MSUSI: —wameshapasha misuli, sasa wamenikodolea macho kama wateja waliokaa foleni tangu asubuhi. Nifanye nini na haya magongo?

KOCHA: Usiguse gongo.

MSUSI: Nimeshagusa.

KOCHA: Mungu wangu.

MSUSI: Nimelishika vizuri tu. Kama mwiko.

KOCHA: Mwiko! Unataka kupiga mpira au kukoroga sufuria? Sikiliza. Gongo linashikwa kwa vidole, si kwa kiganja. Vifundo vya katikati, vya mikono yote miwili, vikae mstari mmoja. Ukilikaba kwa kiganja mikono inakuwa migumu, mpira unapita unakusalimia.

MSUSI: Vidole. Kumbe kama kitana.

KOCHA: Ee. Kama kitana. Sasa usijione.

MSUSI: Sijioni. Haya, namrushia nani kwanza?

KOCHA: Humrushii mtu yeyote! Kuna kile kigingi cha bomba, kile chenye kipande cha mpira wa baiskeli juu. Kisimamishe, weka mpira pale juu, wapige uliotulia. Wewe ulijifunza kusuka kwenye kichwa kinachokimbia?

MSUSI: Hapo umenipata.

KOCHA: Miguu upana wa mabega, magoti yalegee, uzito ukae nyuma. Mguu wa mbele unapiga hatua ndogo, unatua polepole. Halafu nyonga inageuka kwanza, mikono inafuata. Kisigino cha nyuma kinainuka, ncha ya mguu inazunguka, kama vile unaponda mende.

MSUSI: [mbali na simu] Haya wanangu! Mnakata kiuno, halafu mnaponda mende!

KOCHA: Sikusema wakate kiuno! Haloo! Nimesema nyonga!

MSUSI: Wameelewa, dada. Wewe miezi yote hii umewaambia nyonga nyonga, wakasimama kama nguzo za umeme. Mimi nimesema kiuno mara moja tu—

[mlio: pah!]

KOCHA: ...Nani kapiga hiyo?

MSUSI: Kapteni wako.

KOCHA: Mlio mzuri.

MSUSI: Kiuno hicho.

KOCHA: Nyonga! Na usiwapigishe mpaka mikono itepete, unanisikia? Mapigo machache, kila moja kwa akili, halafu mtu apumzike. Akichoka anapiga ovyo, na mwili unakariri ule uovyo. Kuliko mazoezi mabaya, heri walale.

MSUSI: Ngoja, mtandao... ngoja nisogee huku ukutani. [mtandao unakwaruza] Unanisikia sasa?

KOCHA: Vizuri sana. Hata naona sauti yako inatoa mwangwi. Umeingia chooni?

MSUSI: Niko ukutani nimekwambia. Dada, nikuulize kitu. Yule mnayemwita Sindano.

KOCHA: Amekuja?

MSUSI: Amekuja. Hajabadilisha nguo. Amekuja na mfuko.

KOCHA: Mfuko wa nini?

MSUSI: Fulana ya timu. Ameikunja vizuri, amesema nikupelekee.

KOCHA: [kitanda kinalalamika]

MSUSI: Haloo?

KOCHA: Nipo.

MSUSI: Ulimwambia nini, dada?

KOCHA: Mimi? Sijamwambia kitu. Nilimrekebisha. Kocha anarekebisha.

MSUSI: Ulimrekebisha ukisemaje?

KOCHA: ...Nilisema anapiga kama anafukuza nzi.

MSUSI: Mbele ya wenzake?

KOCHA: Walicheka kidogo.

MSUSI: Kidogo?

KOCHA: Wewe umenipigia kunisalimia au kunihoji? Mguu unaniuma.

MSUSI: Pole. Basi fulana nimpokee? Jumamosi kuna mechi, utapata mtoto mwingine. Hata hivyo si unasema hajui kupiga—

KOCHA: Nani kasema hajui kupiga?

MSUSI: Wewe na nzi wako.

KOCHA: Sikia, mdogo wangu, nikwambie, lakini ubaki nalo. Yule mtoto ndiye anayejua kufanya mazoezi kuliko wote. Wenzake nikipuliza filimbi wanakimbilia mifuko yao. Yeye anabaki kuokota mipira, halafu akidhani nimeondoka anasimama kule kwenye kona na kupunga gongo peke yake. Polepole. Anaangalia mguu wake, anarudia. Hakuna aliyemtuma.

MSUSI: Umemwona?

KOCHA: Namwona kila siku kupitia dirisha la stoo. Nafanya kama nahesabu kofia.

MSUSI: Kwa hiyo unamchungulia.

KOCHA: Namwangalia! Ana mikono myepesi hujawahi kuona. Kosa lake moja tu, anainua kichwa kabla mpira haujaguswa, kwa sababu anataka kuona kama mimi nimeona. Siku atakayoacha kunitafuta mimi akatafuta mpira, hiyo timu itamfuata yeye.

MSUSI: Mbona hujamwambia?

KOCHA: Atavimba kichwa. Na wewe usimwambie. Umesikia? Usithubutu.

MSUSI: Mimi simwambii neno, haki ya nani. Mdomo wangu—

[chafya]

KOCHA: Nani kapiga chafya?

MSUSI: Mimi.

KOCHA: Umepiga chafya huku unaongea?

MSUSI: Vumbi, dada. Huku kuna—

KOCHA: Wewe! Umewasha spika?

MSUSI: Spika gani?

KOCHA: Wewe mtoto wa mama yangu, umewasha spika!

MSUSI: Kidole kiliteleza. Mafuta ya nywele, unajua tena.

KOCHA: Nani yuko hapo? Timu nzima?

MSUSI: Hapana. Mmoja tu. Mwembamba hivi.

[mtandao unakwaruza]

SINDANO: Shikamoo, kocha.

KOCHA: ...Marahaba. Hujambo?

SINDANO: Sijambo. Pole na mguu.

KOCHA: Asante. Wale... wale nzi niliowasema siku ile.

SINDANO: Ee.

KOCHA: Hawakuwepo.

SINDANO: Sawa, kocha.

KOCHA: Na hiyo fulana?

SINDANO: Nilileta... ilikuwa imechafuka. Nilileta ifuliwe.

KOCHA: Imefuliwa?

SINDANO: Bado.

KOCHA: Basi rudi nayo, kaifue. Sitaki mtu wa kuja na tope Jumamosi.

SINDANO: Ndiyo, kocha!

MSUSI: Oo, jamani, machozi yananitoka, wanja wote huu—

KOCHA: Nyamaza wewe, nitakushughulikia nikipona. Sindano! Chukua gongo. Shangazi yako huyo akuwekee mpira juu ya kigingi. Mimi nasikiliza.

MSUSI: Ameshakimbia. Haya, mpira uko juu. Amesimama.

KOCHA: Magoti?

MSUSI: Yamelegea.

KOCHA: Apige.

[mlio: tok!]

KOCHA: Amepiga bomba.

MSUSI: Umejuaje?

KOCHA: Bomba linalia kama bomba. Tena.

[mlio: pwi!]

KOCHA: Kichwa kimeinuka. Ametazama nani?

MSUSI: Simu.

KOCHA: Ficha simu!

MSUSI: Nimeiweka nyuma ya mgongo wangu. Unasik—

KOCHA: Sindano, mwanangu, mimi sipo hapo! Niko kitandani, nimefunika uso kwa shuka! Hakuna wa kumtazama. Utazame mpira mpaka uone gongo linaugusa. Ukimaliza, kidevu kibaki chini, gongo lizunguke lenyewe. Haya, taratibu. Usitafute nguvu.

[mlio: PAAH!]

KOCHA: Haloo?

MSUSI: ...

KOCHA: Haloo! Nimesikia! Huo haukuwa mpira wa mtoto! Umekwenda wapi? Mbona hamsemi?

MSUSI: Dada.

KOCHA: Nini?

MSUSI: Umevuka ukuta.

KOCHA: Ukuta upi? Ule mfupi au ule mrefu?

MSUSI: Mrefu.

KOCHA: Ule mrefu hakuna mtu aliyewahi— unanitania.

MSUSI: Upande wa pili kuna fundi rangi, alikuwa juu ya ngazi. Tulikuwa tunamwona kuanzia kiunoni. Sasa hatumwoni.

KOCHA: Umempiga?!

MSUSI: Umepiga ndoo. Yeye nadhani amefuata ndoo. Ngoja... anasimama. Mzima! Ila amekuwa mweupe upande mmoja.

KOCHA: Jamani.

MSUSI: Anakuja. Anazunguka, anaingia getini. Amebeba mpira, na huo nao mweupe. Kapteni amejificha nyuma ya Sindano, fikiria, nyuma ya Sindano! Wengine wameingia stoo.

KOCHA: Mwombeni radhi! Kwa adabu! Mwambie nitazungumza naye— na wewe usicheke!

MSUSI: Sicheki, nakohoa. Haya amefika. Anauliza nani amepiga huu mpira. Nisemeje? Niseme kidole kiliteleza?

KOCHA: Sema ni timu. Sema ni mimi! Mimi ndiye kocha, nibebeshe mimi, usimtaje mto—

MSUSI: Umechelewa, dada. Ameinua mkono.

KOCHA: Nani?

MSUSI: Sindano. Ameinua mkono juu kabisa, kasema, "Ni mimi, baba, samahani." Samahani yenyewe ameisema huku meno yote yako nje.

KOCHA: Na fundi?

MSUSI: Anamwangalia. Anaangalia ukuta. Anamwangalia tena, toka juu mpaka chini. Anasema mwongo, haiwezekani, na... dada, anaomba aone tena. Nakata, salio linaisha, na inabidi nimtoe huyu baba mbele ya ki—

KOCHA: Usikate! Wewe! Spika iache hivyo hivyo! Haloo? ... Haloo? Ulivuka juu ya ukuta kiasi gani?